Nani Kasema Hana Sauti?

Shemeji yangu ni mtu mwema, na sina ugomvi naye ila huu mmoja. Kwa miaka mingi sasa, kila asikiapo wimbo wa Sade ukipigwa nyumbani kwangu, husema maneno yale yale, kama mtu asomaye tangazo: "Yule mwanamke hana sauti. Ana uso tu." Akishasema hivyo hunyoosha mkono, huchukua hamri jingine, na kwake yeye kesi imekwisha.

Kwangu mimi haijaisha. Nimelimeza neno hilo mara nyingi kwa sababu ya heshima, maana yeye ni kaka mkubwa wa mume wangu, na mtu hagombani na shemeji yake kwa ajili ya kaseti. Lakini mwaka jana jambo hili lilitoka kwenye kaseti likaingia kwa watu. Binti yake wa mwisho, ambaye mimi huniita mama mdogo, aliingia katika shindano la kuimba hapa Mombasa. Sauti yake ni ya chini, tulivu, haina haraka. Waamuzi walimsikiliza kwa muda wa dakika mbili hivi, kisha mmoja wao akamwambia mbele ya ukumbi mzima kwamba anaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Watu wakacheka. Msichana akarudi nyumbani, akaanza kujizoeza kupaza sauti asubuhi na jioni, mpaka koo likamkauka, akakaa wiki nzima akizungumza kwa kunong'ona. Baba yake akasema, "Si nilisema? Sauti ndogo haina soko."

Siku ile nilijiona mkosaji. Nilikuwa nimekaa kimya miaka yote hiyo nikidhani ni mzaha wa mezani, kumbe ni fundisho, na mtoto alikuwa amelisikia tangu utotoni. Kwa hiyo nitasema sasa, na shemeji anisamehe.

Kwanza nimweleze ninayemtetea, kwa ajili ya msomaji anayemjua kwa jina tu. Helen Folasade Adu alizaliwa mjini Ibadan, Nigeria, tarehe 16 Januari 1959. Baba yake alikuwa Myoruba, mwalimu wa somo la uchumi. Mama yake Mwingereza, muuguzi. Wazazi walipoachana, mama alirudi kwao na watoto, na Sade akakulia Essex, mashariki ya Uingereza. Alipokuwa kijana alikwenda London kusomea ubunifu wa mavazi katika chuo cha Saint Martin's. Kuimba kulimjia njiani. Aliimba katika kundi moja lililoitwa Pride, kisha yeye na wenzake watatu, Stuart Matthewman, Andrew Hale na Paul Denman, wakaunda kundi lao wakalipa jina lake. Albamu yao ya kwanza, Diamond Life, ilitoka mwaka 1984. Zikafuata Promise mwaka 1985, Stronger Than Pride mwaka 1988, Love Deluxe mwaka 1992, Lovers Rock mwaka 2000, na Soldier of Love mwaka 2010.

Mtu ataniuliza: unamteteaje mwimbaji aliyeuza mamilioni ya nakala, akapewa tuzo ya Grammy ya msanii mpya mwaka 1986, na albamu yake ya 2010 ikaingia moja kwa moja kwenye nafasi ya kwanza huko Marekani? Swali ni la haki. Jibu langu ni hili: msikilize anayemsifu Sade, umhesabie maneno yake. Atasifu uso. Atasifu nywele zilizovutwa nyuma na zile hereni za pete kubwa. Atalisifu saksafoni. Atasema nyimbo zake zinafaa usiku, zinafaa mvua, zinafaa safari ndefu ya gari. Mwaka 2023 alitangazwa kuwa miongoni mwa waliochaguliwa kuingia katika jumba la heshima la watunzi wa nyimbo kule Marekani, na utunzi wake unastahili. Koo lenyewe je? Hapo wanaomsifu hukohoa kidogo na kubadili mazungumzo, au husema, "Si mwimbaji mkubwa, lakini..." Hiyo "lakini" ndiyo ninayogombana nayo.

Mashtaka dhidi yake ni matatu, na nitayachukua moja moja. La kwanza ni kwamba hana sauti. La pili ni kwamba ana sauti lakini ni baridi, haina moyo. La tatu ni kwamba hata kama ina moyo, ule ni muziki wa mahoteli, wa kuwaliwazia watu wanaokunywa juisi.

Tuanze na la kwanza. Sauti ni nini? Kwa watu wengi wa kwetu, sauti ni kitu kinachofika mbali. Na mawazo hayo hayakutoka hewani. Siti binti Saad wa Unguja, kabla hajawa malkia wa taarabu, alikuwa mchuuzi wa vyungu, akitembea na kunadi bidhaa yake kwa sauti iliyowafanya watu watoke milangoni. Sauti ya kufika mbali ilikuwa chombo chake cha kazi, kama kamba kwa mvuvi. Kanisani kwetu Taita, nilikokulia, hakukuwa na kipaza sauti wala umeme, na mwalimu wa kwaya aliyetaka waumini wa benchi la mwisho wasikie alitafuta watoto wenye mapafu. Mimi aliniweka mstari wa nyuma, akaniambia nifungue kinywa tu. Simlaumu. Kwa vyombo alivyokuwa navyo, alikuwa sahihi.

Lakini vyombo vilibadilika. Zamani mwimbaji aliyetaka kurekodiwa alisimama mbele ya pembe kubwa la bati akalipigia makelele, na mwenye sauti ya upole hakuingia kwenye santuri. Kuanzia mwaka 1925 makampuni makubwa ya santuri yakaanza kurekodi kwa maikrofoni na umeme, na hapo mlango mpya ukafunguka. Mtu aliweza kuimba kama anavyozungumza na mtu aliyekaa naye mkeka mmoja, na bado akasikika mji mzima. Ndiko alikopitia Bing Crosby, ndiko alikopitia Billie Holiday, ambaye sauti yake haikuwa na ngazi nyingi lakini kila ngazi aliikanyaga kwa namna yake. Ndiko alikopitia João Gilberto wa Brazil mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapa kwetu pwani, sikiliza santuri za Fundi Konde za miaka hiyo hiyo ya 1950: anaimba kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kula na kushiba. Sade ni wa ukoo huo. Kumpima kwa kipimo cha pembe la bati ni kama kumpima fundi saa kwa uzito wa nyundo yake.

Nathubutu kusema zaidi. Kuimba chini ni kugumu kuliko kuimba juu. Anayepaza sauti hufunikwa na pumzi yake mwenyewe. Akikosea kidogo, nguvu inalificha kosa. Anayeimba chini hana pa kujificha. Pumzi ikipungua, inasikika. Noti ikiyumba kidogo, inasikika. Waliobeba ndoo kichwani wanajua kwamba kukimbia na ndoo ya nusu si kazi. Kazi ni kutembea polepole na ndoo iliyojaa mpaka ukingoni, juu ya njia ya mawe, bila tone kumwagika shingoni.

Nilimwambia yule binti tufanye jaribio. Koo lake lilipopona, tulikaa jikoni, tukaweka Jezebel, wimbo uliomo katika Promise, nami nikamwambia, "Sasa wewe imba pamoja naye, kwa sauti yake ile ile, usipande." Mwanzoni alidhani ni rahisi. Baada ya beti moja alisimama, akashika ubavu, akasema, "Mama mdogo, huyu anapumua saa ngapi?" Hilo ndilo swali hasa. Sade huimba sentensi, kisha huiacha ikatike mahali ambapo wewe na mimi tungeiendeleza. Hachelewi, lakini hatangulii. Hukaa nyuma ya mdundo kidogo tu, kama mtu anayemfuata mwenyeji chumbani. Mwisho wa neno hautikisi wala haupambi; huushusha chini kwa mkono. Na silabi moja huipa noti moja, labda mbili, hali wengine wangeipa kumi na mbili. Tulijaribu mara tano. Mara ya tano binti yangu alikuwa anatokwa na jasho, na tulikuwa hatujapiga ukelele hata mmoja.

Wanaosema hafanyi hivyo kwa hiari, kwamba huimba chini kwa sababu hawezi kupanda, nawaomba wasikilize Is It a Crime, katika albamu hiyo hiyo ya Promise. Ni wimbo wa zaidi ya dakika sita. Anaanza chini kama kawaida yake, halafu kiitikio kinapofika, tarumbeta zinaingia na sauti inapanda, inafunguka, inaomba bila haya. Kumbe anayo! Ila ameiweka kabatini kama sahani za wageni, na hakuitoa mpaka mgeni mwenyewe alipofika.

Kuna siku moja ambayo naipenda sana katika habari hii, nayo ni tarehe 13 Julai 1985, siku ya tamasha la Live Aid lililofanywa kuchangia wenye njaa wa Ethiopia. Katika uwanja wa Wembley, London, walikuwako watu zaidi ya 70,000. Jukwaani walipanda, miongoni mwa wengine wengi, waimbaji wawili waliozaliwa Afrika. Mmoja alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwingine alikuwa Sade wa Ibadan. Habari za Mercury siku ile kila mtu anazijua: alivyoutupia umati sauti nao ukamrudishia, uwanja mzima ukawa kama kwaya moja chini ya mkono wake. Nami nampigia makofi hata leo. Mtoto wa Unguja alifanya alichozaliwa kukifanya. Lakini tazama ukanda wa siku ile, umtazame na Sade. Ni mchana, jua kali, mbele yake bahari ya watu waliokuja kuruka. Anasimama, anaimba kama anavyoimba siku zote. Hawapigii kelele. Hawaombi wampigie makofi. Niambie, msomaji, kati ya wawili hawa ni yupi alihitaji ujasiri zaidi? Mimi sijui, na nashuku kwamba wewe pia hujui. Lakini najua kwamba mmoja anaitwa shujaa wa siku ile, na mwingine anasemwa kuwa alipendeza.

Sasa shtaka la pili, la ubaridi. Hili linanigusa zaidi, na ili nilijibu lazima niseme jambo la nyumbani.

Mama yangu alifariki mwaka 1994, kule Taita. Mimi ndiye binti mkubwa. Nilimuuguza miezi minne, nikimgeuza kitandani usiku na kurudi kufundisha Mombasa siku za Jumatatu. Siku ya mazishi nilikuwa na daftari mkononi: gunia la mchele, kuni, waliotoka mbali watalala wapi, deni la jeneza. Sikulia. Sikuwa nimezuia machozi kwa makusudi; hayakuja tu, na kazi ilikuwa nyingi. Jioni nikiwa nyuma ya jiko nilimsikia mwanamke mmoja wa ukoo wetu akimwambia mwenzake, "Umemwona? Moyo wa jiwe." Na kulikuwa na jamaa mwingine, ambaye miaka minne hakukanyaga kwa mama, hata alipopelekewa habari ya ugonjwa. Huyo alianza kilio tangu njia panda, akaanguka mlangoni, akashikwa na watu watatu. Alisifiwa sana. Hadi leo anatajwa kama mtu aliyempenda marehemu.

Sikusudii kuwacheka wanaolia kwa sauti. Kilio ni haki, na wapo waliolia siku ile kwa kweli. Ninachouliza ni hiki: ni nani aliyetupa ratili hii ya kupima mapenzi kwa makelele?

Wiki mbili baadaye nilikuwa Mombasa, usiku, naosha vyombo. Mume wangu alikuwa amelala. Nilikuwa nimeweka kaseti ya Love Deluxe kwenye redio kaseti, chini kabisa, ili nisimwamshe. Ukafika wimbo uitwao Like a Tattoo. Ni wimbo wa mtu anayebeba kumbukumbu ya vita mwilini mwake kama chale isiyofutika. Gitaa jepesi, na ile sauti karibu na sikio, inasimulia bila kukuvuta nguo ikisema tazama jinsi ninavyoumia. Nikaweka sahani chini. Nililia pale kwenye karai mpaka maji yakapoa, kwa mara ya kwanza tangu mama afe.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ilikuwa sauti ile. Nyimbo za maombolezo zilizoimbwa kwa nguvu mazishini hazikunifanya nilie. Nadhani ni kwa sababu mwimbaji anayelia sana huimaliza kazi yote yeye mwenyewe. Mimi msikilizaji nabaki kumtazama, labda nimhurumie. Sade alikuwa ameacha nafasi. Aliuleta uchungu mpaka mlangoni, akauweka kizingitini, akanyamaza, na aliyetakiwa kuuingiza ndani alikuwa mimi. Watu huita hiyo baridi. Wale wanawake wa nyuma ya jiko nao waliniita jiwe.

Shtaka la tatu ni la mahoteli. Hili lina ukweli kidogo, nami sitaukana. Nimezisikia nyimbo zake katika hoteli za ufuoni, katika lifti, katika ofisi ya daktari wa meno, zikipigwa chini sana mpaka unasikia besi tu. Lakini kosa la mpigaji si kosa la mwimbaji. Mchuzi mzuri ukipewa mtu akautumia kulowekea mkate huku akisoma gazeti, usimlaumu mpishi.

Kwani nyimbo zenyewe zasema nini? Smooth Operator, ambayo watu huichezea arusini wakiwa wameshikana viuno, ni habari ya mwanamume laghai anayehama mji hadi mji akivunja mioyo na kula mali. Yeye anaisimulia bila kupandisha sauti, kama shahidi mbele ya hakimu, na ndiyo maana yule laghai anaonekana wazi. When Am I Going to Make a Living, katika Diamond Life, ni wimbo wa mtu asiye na kazi katika mji usiomjali. Jezebel ni habari ya msichana maskini na njia aliyolazimika kuishika, na hakuna mahali anapomhukumu. Immigrant, katika Lovers Rock, ni habari ya mgeni mweusi katika nchi ya Wazungu na dharau ndogondogo za kila siku. Hizo ndizo nyimbo za kunywea juisi?

Na uko wimbo mmoja ambao siwezi kuuzungumzia bila kukumbuka. Katika Love Deluxe, ya mwaka 1992, kuna wimbo uitwao Pearls. Unamhusu mwanamke wa Somalia anayekwangua nafaka iliyomwagika kando ya barabara, na kila punje kwake ni lulu. Mwaka ule sisi wa Mombasa hatukuhitaji santuri kutuambia habari za Somalia. Watu walikuwa wamefika na majahazi, na wengi waliwekwa katika kambi ya Utange. Mwanamke mmoja kutoka Barawa alikuja shuleni nilipokuwa nikifundisha, kutafuta kazi ya kufagia. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, lakini tulielewana. Alinieleza habari za safari yao na za watoto wawili ambao hawakufika, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuniuliza bei ya unga. Hakuna aliyemwambia kwamba hana moyo. Tulinyamaza, maana tulifahamu kwamba sauti ile ilikuwa imepangwa hivyo kwa nguvu zote alizobaki nazo, na kwamba ingepanda kidogo tu asingeweza kuishusha tena.

Nilipousikia wimbo ule baadaye, nilimsikia yeye. Nyuzi zinavutwa polepole, sauti inaanza chini, inasimulia tu. Kisha inapanda, na safari hii inakaribia kilio hasa. Kwa mwimbaji anayelia katika kila wimbo, kilio kile kingekuwa cha kawaida. Kwa Sade unashtuka, unajiuliza ni nini kimemfika. Akiba yake ya miaka minane aliitoa kwa ajili ya mwanamke wa barabarani.

Nitawapa wapinzani wangu haki yao. Ziko nyimbo zake ambazo zinafanana mno; ukilala katikati ya albamu unaweza kuamka usijue kama wimbo umebadilika. Hana ngazi za Aretha Franklin, na hajawahi kujidai anazo. Na wala sisemi kwamba sauti kubwa ni ya uongo. Mwaka huo huo wa 1992 Whitney Houston alitoa I Will Always Love You, wimbo wa Dolly Parton, na kila anayeingia shindano la kuimba siku hizi hutaka kuifikia ile noti kubwa ya karibu na mwisho. Lakini nendeni mkasikilize mwanzo wake. Anaanza peke yake, bila ala hata moja, chini, akisita. Ile noti kubwa inakutikisa kwa sababu ya kimya kilichotangulia. Waamuzi wetu wanawafundisha watoto kuruka hadi darini, wakasahau kwamba Whitney alianzia sakafuni.

Hata kati ya albamu na albamu mwanamke huyu huimba kwa namna ile ile. Miaka minane ilipita kati ya Love Deluxe na Lovers Rock, na kumi kabla ya Soldier of Love. Tangu hapo, hadi ninapoandika, hajatoa albamu nyingine ya studio. Nyimbo chache tu, moja hapa, moja pale. Katika biashara ambayo kila mtu anaogopa kusahauliwa kabla ya Ijumaa, yeye hukaa kimya mpaka awe na la kusema. Wengine huita uvivu. Mimi naona ni pumzi ile ile ya jikoni, ila imevutwa kwa miaka.

Sasa, yule binti. Sikumwambia aache mashindano, wala sikumwambia kwamba waamuzi ni wajinga. Nilimwambia tu kwamba sauti aliyopewa si ugonjwa, na kwamba kabla hajaitupa ajifunze kwanza inaweza kufanya nini. Anaendelea kujizoeza. Sijui kama atashinda popote. Soko ni soko, na hapo huenda baba yake akawa na haki kuliko mimi.

Lakini Jumapili moja walikuja kwetu wote, na baada ya chakula tulimwomba aimbe. Aliimba akiwa ameketi, mikono magotini, kwa sauti yake ya kuzaliwa. Ilikuwa siku ya joto, na feni la darini, ambalo ni bovu na lina kelele, lilikuwa linazunguka. Alipofika ubeti wa pili, shemeji yangu aliinuka, akaenda ukutani, akalizima feni, akarudi kuketi. Tukakaa na jasho letu mpaka wimbo ulipokwisha.

Hakusema kitu, nami sikumuuliza. Kwako wewe msomaji nina ombi dogo tu. Usiku mmoja, nyumba ikiwa imelala, tafuta Jezebel, uipige chini, uisikilize mpaka mwisho bila kufanya kazi nyingine. Kisha, kama bado unaona hana sauti, njoo tugombane. Mahamri yapo.